Kilomita Ishirini na Mbili

Ijumaa usiku tulifika, gari limeota ndevu za barafu,
Tarjei amelala mdomo wazi, buti moja mguuni,
na Bi Borghild, mwenye nyumba, akatupokea kwa taa ya mkono
maana swichi ya ukumbini iliharibika mwaka juzi
na haoni haja.

Hakuna kilichobadilika. Choo kipo mwisho wa ujia,
ngazi ya saba bado inalalamika,
jiko la chuma linakula kuni bila shukrani,
na chakula huitwa kwa kengele iliyokuwa ya ng'ombe.
Sunniva, miaka kumi na mitatu, aliinua simu yake
kwenye kila pembe ya chumba, kama mtu anayekinga tone
chini ya paa lisilovuja.

Nikamfungulia daftari la wageni.
Mwandiko wa babu yake, herufi zimeinama mbele
kama watu wanaopanda mlima:

Februari 1968. Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Km 22. Halvard na Gudny.
Februari 1971. Upepo. Km 22.
Pasaka 1983. Theluji mbovu. Km 22.

Mimi nimekulia chini ya namba hiyo.
Watoto tuliachwa uani na mama yake Borghild,
wao wawili wakapotelea mlimani hadi jioni.
Na nyumbani, nilipochoka, nilipofeli hesabu,
nilipotaka kuacha piano, baba hakugomba.
Alisema tu, "Ishirini na mbili,"
nami nikainuka, pua inatiririka.

Asubuhi Eyvind alizipaka skii zetu nta,
taratibu, kama anayemkanda mgonjwa.
Tukaondoka kwa mstari, mama yangu mbele:
miaka sabini na tisa, nyonga moja ya chuma,
shwaa, shwaa, shwaa,
misonobari imebeba theluji mabegani
na hakuna hata mmoja unaotua mzigo.

Kilomita ya nne Tarjei akaketi njiani
akatangaza kwamba sasa anaishi hapo.

"Babu yako," nilianza, "alikwenda ishirini na..."

Mama akacheka.
Alicheka hadi akaegemea fimbo zake.
"Njooni," akasema, akaiacha njia,
akapita kati ya miti pasipo na alama ya mtu
hadi kwenye jabali pana kama mgongo wa fahali,
jua limelipata lote, upepo haulijui.

"Hapa," akasema. "Ishirini na mbili ndiyo hapa."

Eyvind akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Halvard alipiga chuku. Milima hakuipenda hata kidogo.
Tulikuwa na blanketi na machungwa manne.
Nyumbani mlikuwa watoto watano na kuta nyembamba."

"Na namba?"

"Ilimjia tu. Ishirini ingeonekana ya uongo."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki:
miaka arobaini nainuka kwa ajili ya jiwe!
Lakini Sunniva alishaanza, kicheko cha puani kwanza,
kisha chote, hatujakisikia tangu Krismasi,
na Tarjei anauliza, nini, nini, niambieni,
na mama anatoa machungwa kwenye mkoba, mangapi? Sita.
Aliyabeba kutoka mjini bila kusema neno.

Tulivua glavu kumenya. Vidole vilichoma.
Harufu ile kwenye baridi ile
ilikuwa kali kama jina la mtu linapoitwa ghafla.
Maganda mama aliyaokota yote, akayatia mfukoni.
Hakuacha ushahidi. Mazoea.

Halafu akakaa kidogo, kiganja juu ya jiwe,
upande wa kushoto kwake, ambako hapakuwa na mtu,
na sisi tukatazama kwingine.

Jumapili Bi Borghild alileta daftari pamoja na bili.
Anga wazi, nikaandika. Nyuzi tisa chini ya sifuri.
Kisha nikampa Tarjei kalamu, nikamnong'oneza.
Akaikunja ngumi, ulimi nje, akafikiri sana,
akaniuliza:
mbili ipi inatangulia?